Vibonyezo 88 Chini ya Bati la Kyela

Niseme mapema, kabla pumzi haijarudi: hii ndiyo sauti tamu kuliko zote zilizowahi kutoka sebuleni kwangu, na siku za mwanzo sikuipenda hata kidogo. Yote mawili ni kweli. Aliyelelewa na kinanda cha kanisani, kisha akaketi mbele ya piano yake mwenyewe, nyumbani kwake, mlango umefungwa na watoto wamefukuzwa nje, atanielewa mara moja. Wengine nipeni nafasi nieleze, tena nitaeleza mbiombio, maana vidole vinawasha.

Chombo chenyewe ni Yamaha P-145, piano ya umeme iliyotoka mwaka 2023 kuchukua nafasi ya P-45, ambayo tangu 2015 ilikuwa ndiyo piano ya kwanza ya wanafunzi wengi duniani. Vibonyezo 88, yaani vyote, hakuna kilichokatwa. Uzito kilo 11.1. Upana mita 1.33 hivi. Na sauti kumi tu. Kumi! Kinanda nilichokuwa nacho kilijaza mamia ya sauti, kuanzia filimbi na fidla hadi mlio wa helikopta, ambao namshukuru Mungu haukuwahi kuhitajika ibadani. Hapa kuna piano mbili tatu, ogani, na nyingine chache za kusindikiza, basi. Hakuna ridhimu, hakuna rumba ya kubonyeza, hakuna ngoma za kujipiga zenyewe. Unaketi, unapiga, na kinachosikika ni kile ulichokifanya wewe.

Ilisafiri ndani ya buti la basi kutoka Dar es Salaam, ikapanda hadi Mbeya, ikakata kona Uyole, ikapigwa na baridi ya Tukuyu, kisha ikateremka kwenye joto letu la mpungani. Hapo pana la kuzingatia. Tukuyu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 474. Chombo cha umeme kikitoka kwenye baridi ya kule na kuingia ghafla kwenye unyevu wa huku, kinaweza kutokwa na jasho ndani, umande mwembamba juu ya saketi zake, na ukikiwasha hapo hapo unacheza na bahati. Basi boksi lililala kona ya sebule likiwa limefungwa. Usiku ule ulikuwa mrefu. Mke wangu aliniuliza kama nataka kulihamishia kitandani.

Asubuhi, kabla ya chai, karatasi zote sakafuni. Jamani! Vibonyezo vyeusi havina mng'ao ule wa plastiki ya sahani. Vina ukavu fulani, na kidole chenye jasho hakitelezi. Hilo mbunifu aliyekaa kwenye nchi ya baridi anaweza kudhani ni urembo. Kwa Kyela ya mwezi wa kumi na moja, wakati hata kuta zinatoka jasho, ni neema. Nikabonyeza kimoja cha kushoto kabisa bila hata kuwasha umeme, nisikie uzito wake tu. Kikashuka taratibu, kikarudi kwa heshima.

Huu uzito ndio habari yenyewe. Vibonyezo vya kinanda cha kawaida vinarudishwa na springi: unavigusa, vinaitika, umemaliza. Hivi vina nyundo ndogo ndani yake, na uzito umepangwa kwa ngazi, vya upande wa besi vizito, na kadiri unavyokwenda kulia vinapungua, sawasawa na ilivyo kwenye piano ya nyuzi. Ukigonga polepole, sauti inatoka laini na yenye giza kidogo. Ukigonga kwa nguvu, haiongezeki ukubwa tu, inabadilika tabia: inakuwa kali, ina kingo. Wale waliozoea kupiga sauti ya ogani, ambako kibonyezo ni swichi, kimewaka au kimezimika, watapata mshtuko. Wimbo ambao mikono yangu inaujua gizani ulitoka na matuta, noti hii imepaa, ile imezama, na kidole kidogo cha kulia, ambacho ndicho kibeba sauti ya kwanza, kikawa kinanong'ona wakati kidole gumba kinapiga kelele. Misuli ya mkono iliniuma kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Maumivu matamu!

Sasa sauti.

Yamaha wanasema wamerekodi piano yao kubwa ya majukwaani, CFIIIS, yenye urefu wa mita 2.75, noti kwa noti, kwa nguvu tofauti, kisha wakaiweka humu. Nilitarajia ukumbi mzima uingie sebuleni. Kilichoingia kilikuwa sauti moja kavu, safi, iliyopigwa, ikasimama kidogo, halafu ikaanza kuondoka. Nikapiga nyingine. Nayo ikaondoka. Nikashikilia noti tatu za do kwa mikono yote miwili, nikasubiri, na zikafifia mbele yangu nikiwa bado nimezibonyeza. Nikahisi nimepunjwa. Iko wapi sauti?

Jirani yangu, mama mmoja wa kwaya, alisimama dirishani na kikapu chake cha ndizi, akasikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza: "Mwalimu, ugonile. Hiki nacho mbona hakina ngoma?" Nikamjibu kwamba hiki ni piano, mama, hakina ngoma. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema "Ndaga," yaani asante, akaenda zake. Nimelifikiria swali lake kuliko nilivyofikiria maelezo yote ya kiwandani.

Masikio yetu huku yamelelewa na vitu vinavyoshikilia sauti. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1894 wakafungua kituo cha Ipyana, hapa hapa Kyela. Wenzao wa misheni ya Berlin walishika mwambao wa ziwa kuelekea Ikombe na Matema. Walikuja na nyimbo za sauti nne, na Wamoraviani hasa ni watu wa tarumbeta tangu kwao Ujerumani katika karne ya 18. Tarumbeta ukiipuliza, sauti inakaa mpaka pumzi iishe. Kwaya ikishika noti ya mwisho, teno anaivuta mpaka mwalimu afunge mkono. Kinanda cha kukanyaga cha zamani kilisukuma hewa bila kukoma, na kinanda cha umeme kilichokirithi kinaweza kushika noti moja kuanzia matangazo hadi sadaka. Sikio lililokulia humo linaisubiri sauti ibaki. Piano haibaki. Nyundo inagonga, na kuanzia sekunde hiyo hiyo sauti inapungua, hakuna kidole kinachoweza kuirudisha.

Lakini tunacho chombo kingine ambacho nacho hakishikilii sauti, na hatujawahi kukilalamikia: ngoma. Hakuna Mnyakyusa aliyewahi kusimama mbele ya ing'oma akasema mbona mlio wake haukai. Anasubiri pigo lifuatalo. Uhai wa ngoma uko katika nafasi kati ya pigo na pigo, na mpigaji hodari ni yule anayejua kuipanga nafasi hiyo. Piano ni ngoma. Ni nyundo 88 zinazogonga, zimepewa noti. Siku nilipoacha kuipiga nikiwa na masikio ya ogani, nikaanza kuipiga nikiwa na masikio ya ngoma, mkono wa kushoto ukiweka pigo, wa kulia ukijibu, nyumba nzima iliamka! Yule mama alirudi dirishani, safari hii bila kikapu. Hakusema kitu. Alicheza.

Mtoto wangu mdogo, ambaye kutwa anapiga madumu ya maji nyuma ya nyumba, aliizoea piano mapema kunishinda. Mimi nilihitaji wiki kadhaa. Siku za kwanza masikio yalikuwa yanalinganisha kila noti na kile yalichokizoea, na kila mara piano inashindwa. Baadaye, bila kengele kulia, ulinganisho ulikoma. Na sasa, nikirudi kwenye kinanda cha kanisani Jumapili, ndicho kinachonisikika kigeni: kinang'aa mno, hakipumui. Nilikuwa nimeambiwa na wapiga piano kwamba hili hutokea. Sikuamini mpaka lilipotokea.

Kuna jambo jingine la masikio, nalo ni la wanakwaya hasa. Kwaya isiyo na ala, ikiimba do, mi, so na kuishikilia, huishusha ile mi kidogo, pasipo mtu kuamuru, mpaka sauti tatu zitulie na chumba kianze kuvuma. Mwalimu yeyote aliyefundisha kwa herufi zile za d, r, m anaujua mvumo huo. Piano haiwezi kufanya hivyo. Oktavu yake imegawanywa hatua 12 zilizo sawasawa, ili uweze kupiga kwa funguo yoyote bila kuchukiza, na gharama ya usawa huo ni kwamba mi ya piano iko juu ya ile ya kwaya kwa takriban sehemu 14, ukiigawanya nusu-toni kwa 100. Ni kidogo mno? Mketishe karibu yako mwimbaji wa alto aliyezoea kuimba bila kinanda, mpigie hizo noti tatu taratibu, umtazame uso. Wa kwangu alikunja paji akasema ile ya katikati "inachungulia." Inachungulia kweli! Kinanda cha umeme nacho kina mgawanyo huo huo, ila sauti zake za ogani zinatikisika na ngoma zinafunika, kwa hiyo hatukuwahi kulisikia. Piano ikiwa peke yake, chumbani, inakuweka uchi. Tulia nayo. Sikio hulikubali jambo hili upesi likipewa nyimbo zinazotembea, na hulikataa likilazimishwa kusikiliza noti moja moja zilizosimama.

Faida inayolingana na hasara hiyo ni kwamba piano haishuki. Kwaya zetu, tusifichane, huanza wimbo mahali pamoja na kumaliza mahali pengine, hasa beti zikiwa sita na jua likiwa kali. Hii ina la ya 440, kipimo ambacho mkutano wa London ulikipendekeza mwaka 1939 na dunia ikakifuata, nayo itakuwa 440 ubeti wa kwanza na ubeti wa sita. Mazoezi ya kwanza niliyoyafanya nayo, besi walinitazama kana kwamba nimewapandishia wimbo makusudi.

Nyumba yenyewe sasa. Hakuna anayeandika habari za piano akazungumzia bati, kwa sababu wengi wanaoandika wanaishi chini ya dari na juu ya zulia. Sebule yangu ni ya kawaida kwa hapa mjini: matofali ya kuchoma, plasta, sakafu ya saruji, bati juu bila dari. Kila kitu humo kinarudisha sauti. Piano ile ile kavu ilisikika pia kali na yenye makelele sebuleni, noti za juu zikigonga ukuta na kurudi kabla hujapiga nyingine. Hapa wengi ndipo wanapoilaumu piano wakati mkosaji ni chumba.

Dawa ninayo, na ni ya Kyela. Magunia ya mpunga! Baada ya mavuno, nusu ya sebule za wilaya hii hugeuka ghala, na wake zetu huona aibu wageni wakija. Msione aibu. Gunia lililojaa mpunga, lenye uso wa kukwaruza na punje zenye nafasi kati yake, linameza sauti badala ya kuirudisha. Niliyapanga ukutani upande wa pili unaotazamana na piano, nikatandika mkeka mkubwa wa ukindu sakafuni, nikaning'iniza pazia zito dirishani. Nikapiga. Ile sauti ya chuma ikapotea, kukabaki mbao na joto. Kazi hiyo hiyo studio za mijini huifanya kwa sponji za bei mbaya, na sponji hailiwi. Tatizo litakuja nikiuza mpunga, lakini hilo tutalijadili bei ikipanda.

Piano hii ina aina nne za mwangwi wa kutengenezwa, wa chumba, wa ukumbi na kadhalika. Uzime. Bati lako linatosha. Iondoe pia konani, kwa sababu kona na ukuta wa saruji huvimbisha besi mpaka mkono wa kushoto unasikika umevaa viatu vya mvua. Nafasi ya mkono mmoja au zaidi kutoka ukutani inaleta tofauti ambayo hata asiye mwanamuziki ataisikia. Na sauti iweke nusu au chini ya hapo kwa siku za mwanzo. Wanaonunua piano hupandisha sauti ili wavutiwe, kumbe kwenye chumba kigumu sauti kubwa ndiyo inayochosha sikio na kulichelewesha kuzoea.

Na zile noti za chini kabisa? Ya kushoto mwisho hutetemeka mara 27.5 kwa sekunde, na spika ndogo za wati 7 kila upande haziwezi kuitoa hiyo yenyewe. Zinatoa ndugu zake wa juu, na ubongo wako, kwa kuwasikia hao ndugu, unamjengea mzazi asiyekuwepo. Nilipojua hivyo nilikaa nikaipiga noti hiyo tena na tena nikijaribu kuishtukia. Haishtukiki! Ukitaka kuisikia kifuani, unganisha spika kubwa ya kanisani. Lakini kwa chumba cha kawaida, ubongo unakutosha.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini nisitafute piano yenyewe, ya mbao na nyuzi, kitu cha heshima. Kaka, dada, hebu tazama nje. Kyela inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili inaweza kunyesha mpaka vyura wachoke. Piano ya nyuzi ina nyuzi zipatazo 230, zimevutwa kwa jumla ya nguvu inayokaribia tani 20 juu ya fremu ya chuma, na sauti yake yote inategemea ubao mpana na mwembamba ulio nyuma ya nyuzi hizo. Ubao ukinywa unyevu unavimba, unazisukuma nyuzi, noti zinapanda, tena hazipandi kwa usawa. Kiangazi kikija ubao unasinyaa, noti zinashuka. Waundaji wanapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60 usiobadilika badilika. Hapa kwetu labda ndani ya friji. Ongeza kutu kwenye nyuzi, nondo kwenye sufi ya nyundo, na mchwa, ambao kwao piano ni mbao kama mbao nyingine. Zamani viwanda vya Uingereza na Ujerumani vilitengeneza piano maalumu za makoloni, zilizokazwa kwa skrubu pale ambapo gundi ingeachia, na hata hizo zilihitaji fundi wa kuzirekebisha kila mara. Fundi wa nyuzi wa karibu na Kyela simjui. Piano mpya ya nyuzi, hata kwenye nchi kavu, hutaka kurekebishwa mara kadhaa ndani ya mwaka wa kwanza mpaka nyuzi zimalize kunyooka. Hii ya kwangu haina uzi hata mmoja. Mvua inyeshe.

Tena kuna historia ambayo huwezi kuigusa piano mwambao huu bila kuikumbuka. Vibonyezo vyeupe vya karne ya 19 vilifunikwa kwa pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo zilitoka Afrika Mashariki, zikapita Zanzibar, zikaishia Connecticut, Marekani, kwenye viwanda vya Deep River na mji mwingine uliobatizwa kabisa jina la pembe, Ivoryton. Ng'ambo tu ya Mto Songwe, Karonga, palikuwa mojawapo ya vituo vya biashara hiyo. Mlozi aliyejitangaza sultani hapo alikusanya pembe na watumwa pamoja, akapigana na Kampuni ya Maziwa ya Afrika kuanzia 1887, akanyongwa Desemba 1895. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba binti wa New York aliyekuwa akijifunza piano miaka ya 1880 aligusa kitu kilichotembea juu ya kichwa cha mtu kupita mabondeni kwetu. Wakati huo hapa hapakuwa na piano hata moja. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya pembe ipigwe marufuku duniani, na ikapigwa. Vibonyezo vyangu ni vya plastiki, asante.

Umeme. Adapta yake inatoa volti 12, na hapo wenye sola mmeshatabasamu. Haina mahali pa kuweka betri ndani, umeme ukikatika inanyamaza katikati ya wimbo, ila volti 12 ni volti za betri ya gari na za sola nyingi za nyumbani. Anayejua kufunga waya aiwekee kidhibiti na fyuzi inayofaa, maana betri ya sola inayochajiwa hupanda juu ya 12. Asiyejua aendelee na inveta ndogo. Matumizi yake ni madogo, haitashindana na friji kwenye LUKU.

Kwa mvua, hakuna cha kufanya. Inapopiga bati la Kyela kwa ghadhabu, wati 14 kwa jumla ni mzaha. Ndipo hedifoni zinapokuwa rafiki. Mvua inanguruma juu, dunia imefungwa, na masikioni una ukumbi mzima. Tena kwenye hedifoni ndipo unaposikia kazi iliyofanywa na waliorekodi: mkia mrefu wa noti za chini, jinsi noti mbili zilizokaribiana zinavyosuguana, jinsi pedali inavyoziacha zote zichanganyike. Kwa mgeni wa piano, pedali ni sukari, na wengi tunaimwaga yote kwenye kikombe. Ikanyage, iachie kila noti za kushoto zinapobadilika. Ile pedali ndogo inayokuja ndani ya boksi hutembea sakafuni ukikanyaga. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli chini yake kinaimaliza safari hiyo.

Idadi ya noti zinazoweza kulia kwa pamoja ni 64. Kwa nyimbo za ibada, kwa mtoto anayejifunza, kwa kusindikiza kwaya, hutazifikia. Mwenye kupiga Chopin huku pedali iko chini muda wote atazifikia, lakini huyo, kama yupo Kyela, na ajitokeze nimwandalie wali. Sauti kumi, nilishasema. Stendi haimo, utachonga kwa fundi seremala. Mwambie urefu wa kukaa, siyo wa kusimama, na asiifanye ya mbao mbichi. Ifunike usiku. Vile vidudu vya ziwani vinavyopanda hewani mithili ya moshi vikiona taa hutua kila mahali, na nafasi kati ya vibonyezo vinaiona ni mlango. Kitenge kizito kinatosha.

Bei yake Marekani ilikuwa dola 500 hivi ilipotoka. Kwetu, ukiweka ushuru na usafiri, inaongezeka, na pesa hiyo hiyo dukani itakupa kinanda chenye mamia ya sauti, ngoma, rumba na skrini inayowaka rangi. Kwa mpiga kinanda wa ibada na harusi, ambaye lazima awe bendi nzima peke yake, nunua hicho kinanda, sitabishana. Kwa mtoto anayeanza, kwa mwalimu wa kwaya anayetaka waimbaji wake wasikie noti ilivyo, kwa mtu mzima ambaye siku zote alitamani, nunua yenye sauti kumi. Mikono inayojengwa kwenye vibonyezo vizito huweza kucheza kwenye vyepesi, kinyume chake ni taabu. Mtoto akifika mbali, Makumira kule Arusha wanafundisha muziki hadi shahada, na chuo cha muziki cha nchi za jahazi pale Zanzibar kipo tangu 2002; kote huko atakuta vibonyezo vyenye uzito huu huu.

Na ninyi wazee wa kanisa wa Kyela, Ipinda, Matema na Ngonga, mnaopanga bajeti ya vyombo mwaka huu: spika mnazo za kutosha, tumezisikia mpaka ng'ambo ya Songwe. Nunueni piano moja ya vibonyezo 88, iwekeni kwenye chumba cha mazoezi chenye kufuli, mpeni mwalimu wa kwaya ufunguo mmoja na watoto wa Sunday school Jumamosi nzima.